Anayetunza mali ya aliyepotea atoe dhamana, lakini isimfungie mlango maskini

Ukitaka kupanga nyumba Goma au Bukavu, mwenye nyumba anadai garanti ya miezi kadhaa kabla ya kukupa ufunguo. Lakini mtu akipotea vitani, ndugu yake anaweza kushika nyumba nzima na kukusanya kodi kila mwezi, bila kuweka hata franka moja wala kutoa hesabu kwa yeyote.

Tangu mapigano yafike Goma mwezi wa kwanza 2025, kuna jamaa zisizojua kama baba au mtoto wao yuko hai. Mke wa aliyepotea si mjane, na urithi haujafunguliwa. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inazungumzia hali hiyo. Mali ya mtu kama huyo ni jambo la mahakama, si la mwenye sauti kubwa katika ukoo.

Kudai dhamana si jambo jipya. Sheria ya Ufaransa ya 1804, iliyotumika pia Ubelgiji, iliwataka warithi waliokabidhiwa mali hiyo kwa muda walete mdhamini, yaani mtu wa kulipa kama wakiila. Mdhamini alifunguliwa baada ya miaka 30, au ikipita miaka 100 tangu aliyepotea azaliwe. Sababu ni moja: aliyepotea anaweza kurudi.

Hata hivyo, dhamana kubwa ya pesa ni hatari. Mke anayeuza ndizi sokoni hataipata. Shemeji mwenye dola ataipata. Hapo sheria itakuwa imemkabidhi mali yule yule tuliyemwogopa.

Kwa maoni yangu, dhamana ipimwe kwa vitu vinavyoweza kuliwa haraka: kodi, pesa taslimu, ng'ombe, bidhaa za duka. Nyumba na kiwanja visihesabiwe humo, ila ofisi ya hati za ardhi iandikiwe isipitishe mauzo bila ruhusa ya hakimu. Asiye na pesa akubaliwe akileta wadhamini wawili wanaojulikana mtaani. Mali yote iandikwe mbele ya mashahidi siku ya kwanza, na hesabu itolewe kila mwaka.

Aliyepotea hawezi kujitetea. Siku akirudi, aikute mali yake, au amkute mtu wa kumlipa.