Tuwatazame Wageni wa Vuli

Mvua ya vuli inyeshapo hapa Machakos mwezi wa Novemba, kumbikumbi huchomoza ardhini kwa maelfu, na angani hutokea wageni wanaowafuata: kozi, tai na vipanga waliotoka Asia na Ulaya wakikimbia baridi. Hupita juu ya vilima vya Iveti na Mua na nyanda za Athi, wengi wao wakielekea kusini mwa Afrika. Ni wachache miongoni mwetu wanaoinua nyuso kuwatazama, na hiyo ni hasara kwa elimu yetu.

Chukua mfano wa kozi wa Amur. Uzito wake ni kama gramu 150 tu, lakini ndege huyu anayezaliwa Siberia na kaskazini mwa Uchina huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kwa siku kadha bila kutua. Mwaka 2012 ilibainika kuwa kozi hao walikuwa wakinaswa kwa nyavu katika jimbo la Nagaland, India, na kuuzwa kuwa kitoweo, maelfu kwa maelfu. Wanavijiji walielimishwa, makanisa yakahimiza, vyama vya wanafunzi vikaundwa. Na katika msimu wa mwaka 2013 mauaji hayo yalikoma.

Je, sisi tunaowapokea baada ya safari hiyo tunawafanyia nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya aina 22 za ndege mbuai zilizochunguzwa nchini Kenya kwa miaka 40, aina 19 zimepungua. Mfugaji atiaye sumu katika mzoga ili amwue fisi humwua na tai. Nyaya za umeme nazo huua. Mvulana mwenye manati humlenga kila kipanga akidhani ni mwizi wa vifaranga, hali kozi huyu mgeni hula panzi na kumbikumbi. Wahenga hawakukosea waliponena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huenda mwalimu akasema kuwa Novemba ni mwezi wa mitihani na likizo. Naam, na hiyo ndiyo nafasi yenyewe. Mwanafunzi aliye nyumbani apewe kazi ya likizo: aandike tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na idadi ya ndege aliowaona. Picha ya simu huenda ikaonyesha nukta tu angani, lakini chama cha wanafunzi chaweza kuchangia darubini moja na kamera yenye lenzi ndefu. Umbo la bawa na mkia katika picha humaliza ubishi wa jina. Wapiga picha waonywe tu wasiviparamie viota vya tai wakaao majabalini.

Tunakodi mabasi kuwapeleka watoto mbali wakatazame simba. Si vibaya. Lakini anga la Machakos halitozi kiingilio, na daftari lililojazwa kila vuli litakuwa ushahidi wa kuwatetea ndege hawa kabla hawajatoweka.