Asiye na Kaburi Atafufuka Kutoka Wapi?

Leo sina neno fupi la asubuhi. Mimina chai yako, keti, usome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa matanga huko Kieni. Baada ya maombi, watu wakingoja chakula, cucu mmoja alinishika mkono wa koti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: "Pasta, baba yangu aliingia msituni 1953. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Hakurudi, na hatujui alianguka wapi. Siku ile ya parapanda, yeye atatokea wapi?"

Nina diploma ya theolojia. Nimefundisha somo la siku za mwisho mara nyingi, na chati nimechora ubaoni. Nikamjibu haraka haraka, "Cucu, Mungu anajua." Akaitikia Amen kwa heshima, lakini niliona hajashiba. Nimelala na swali lake siku kadhaa. Nataka kumjibu vizuri, na wewe pia, maana najua si yeye peke yake anayelibeba.

Mpendwa, huku kwetu tumeamini kimoyomoyo kwamba kaburi ndilo mlango wa mbinguni. Mtu asipolazwa kwa shamba lake, kwa jeneza zuri, mchungaji akitupa udongo, tunaona kama safari yake imekatika. Ndiyo maana familia inauza ng'ombe wa maziwa ili kulipa mochari na hema. Ukiuliza, utaambiwa ni mila.

Mila gani? Waulize wazee wako kama bado unao. Kabla ya wamisionari, Wakikuyu wengi hawakuzikwa kabisa. Mgonjwa aliyekata roho alipelekwa kibirira, huko vichakani, na fisi akamaliza kazi. Aliyechimbiwa kaburi ni mzee mwenye cheo na mali. Maiti iliogopwa sana, na aliyeigusa alihitaji kutakaswa. Lakini hakuna aliyesema kwamba marehemu amekwisha. Alikuwa sasa ngoma (ndugu yangu wa Pwani, si ile ya kuchezwa), roho wa jamaa. Alimwagiwa pombe chini, aliogopwa akikasirika, na jina lake lilirudi nyumbani kwa mjukuu. Baadaye neno hilo hilo, ngoma, likageuka kuwa jina la pepo wachafu, na leo tunalikemea katika kesha bila kukumbuka lilikotoka.

Kwa hiyo babu wa babu zetu wengi hawana kaburi. Hili kaburi tunalopigania ni mgeni aliyekuja na misheni na serikali ya mkoloni. Usinielewe vibaya, mimi napenda mazishi ya heshima. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa fedha ili amzike Sara, soma Mwanzo 23. Lakini alinunua heshima. Hakuna mahali tunaambiwa alinunua ufufuo.

Nyeri mjini tuna kaburi moja ambalo wageni hupanda ndege kuja kuliona. Ni la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki hapa Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Sasa mtazame mtu wa Tetu, Dedan Kimathi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia yake haijapewa mwili. Sanamu anayo Nairobi tangu 2007. Kaburi, hana. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike, akafariki Mei 2023 akiwa hajapewa. Kudai mifupa ile ni haki, na serikali yoyote inapaswa kuona aibu. Lakini niambie wewe unayesoma, Mungu atampata Baden-Powell kwa urahisi zaidi kwa sababu ana jiwe?

Chuoni tulisoma kitabu cha Profesa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, kilichotoka 1969. Alichukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akaeleza jinsi Waafrika wengi walivyomwona marehemu. Alisema marehemu bado yuko hai kwa namna fulani maadamu yuko mtu aliyemjua anayemtaja kwa jina. Siku mtu wa mwisho anayemkumbuka atakapofariki, naye anazama katika zamani. Wakati huo niliandika tu ili nipite mtihani. Juzi huko Kieni ndipo nilipoelewa. Cucu hakuwa anauliza habari za udongo. Alikuwa anasema: mimi ni wa mwisho. Nikienda, nani atajua kwamba baba yangu aliishi?

Hapo ndipo injili inaachana na hofu ya wazee wetu. Katika Luka 20 Yesu anawajibu Masadukayo waliokataa ufufuo. Anawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo, anawaambia kwamba kwa Mungu hao wote wako hai. Hakusema wako hai kwa sababu wajukuu wao wanawakumbuka. Wako hai kwa sababu Mungu ni Mungu wao. Kumbukumbu inayomshikilia marehemu haiko kwako wala kwangu. Na Ufunuo 20 inaitaja bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake. Bahari haina jiwe wala uzio.

Mwaka 177 katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa kwa mateso. Watesi waliichoma miili yao, wakamwaga majivu katika mto Rhone, makusudi, ili wasiwe na tumaini la kufufuka. Wapagani wale walifikiri Mungu wetu anahitaji mifupa ili aanze kazi. Na mimi, pasta wa Kipentekoste niliyejazwa Roho, niliwahi kufikiri kama wao.

Ngoja niungame. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alifiwa na mumewe. Mzee alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba mwili wake uchomwe. Kiploti chao kilikuwa kidogo, na hakutaka kuwaachia watoto deni. Ndugu za marehemu wakakataa, wakasema ni laana. Mama akaja kwangu. Sikufungua hata Biblia. Nilimwambia, "Mama, kanisa haliwezi kushiriki jambo hilo. Atafufukaje?" Akaenda Nairobi na watoto wake wawili, bila mchungaji, bila wimbo. Jumapili iliyofuata alirudi, akaketi kwenye benchi lake lile lile, akatoa fungu la kumi.

Nilijua wakati ule kwamba Askofu Mkuu Manasses Kuria wa kanisa la Kianglikana aliteketezwa 2005, na mkewe kabla yake, 2002. Nilijua habari za Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Nyeri, aliyekataa jeneza la mbao na kuteketezwa Kariokor Oktoba 2011. Nilijua 1 Samweli 31, jinsi mashujaa wa Yabeshi-Gileadi walivyoichoma miili ya Sauli na wanawe, kisha wakaizika mifupa. Yote nilijua. Niliogopa tu maneno ya watu wa ukoo na washirika wenye pesa. Sisemi kila mtu achomwe. Binafsi ningependa kulala karibu na mama yangu. Nasema sikuwa na Neno la kumnyima yule mama maombi, nikamnyima.

Jana nilienda kwake. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Cucu, kama mjukuu wako anakusomea hapa: Paulo katika 1 Wakorintho 15 anasema mwili ni kama mbegu. Wewe ni mkulima, unajua mhindi ukishaota hutafuti tena ile punje. Atakayemwita baba yako ndiye aliyemuumba tumboni, na msitu wa Nyandarua hauna kona asiyoijua. Jina lake ulinipa, nimeliandika.

Na wewe mwingine mwenye mtu wako asiye na kaburi, aliyepotelea Hali ya Hatari, aliyezama, aliyeenda Ughaibuni na mwili haukurudi, andika jina lake hapa chini au unitumie inboksi. Jumapili hii, ibada ya pili, tutayasoma moja moja kabla ya meza ya Bwana. Yule mama amekubali jina la mumewe liwe la kwanza.