Mpanga Bei Aliyetaka Aeleweke

Mtumishi wa umma akitajwa kuwa amekabidhiwa kazi ya kupanga bei ya umeme au ya simu, watu wengi humdhania kuwa karani mkubwa tu: faili huja, hupigwa muhuri, hurudi masijala. Maisha ya Alfred Kahn, aliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Huduma za Umma ya Jimbo la New York, Marekani, kuanzia mwaka 1974 hadi 1977, yanaonyesha kwamba kazi hiyo ikifanywa sawasawa ni kazi ya kuamua nani abebe mzigo wa nani.

Kahn alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Paterson, jimbo la New Jersey, mtoto wa wahamiaji waliotoka Urusi. Alikuwa mwalimu. Alianza kufundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1947, na mwaka 1970 na 1971 alitoa vitabu viwili vinene juu ya udhibiti wa huduma za umma. Ni wasomi wachache waandikao vitabu vya namna hiyo kisha wakaambiwa: haya, kiti hiki hapa, kayatende uliyoyaandika.

Kiti chenyewe hakikuwa cha starehe. Kampuni nyingi za umeme nchini Marekani ni mali ya watu binafsi, na kwa kuwa mwananchi asiyeridhika hana pa kukimbilia, majimbo yaliweka tume za kuzidhibiti. Ya New York ilianzishwa mwaka 1907. Kahn aliingia wakati bei ya mafuta imepanda karibu mara nne baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Kampuni iliyouzia umeme Jiji la New York, Consolidated Edison, ilikuwa taabani, hata Aprili 1974 ikashindwa kuwapa wenye hisa gawio lao. Makampuni yalitaka bei ipande. Wananchi walitaka isipande. Mwanasiasa angekata katikati akaenda zake nyumbani.

Kahn aliuliza swali jingine: ni matumizi gani hasa yanayolazimisha mitambo mipya ijengwe? Jibu lilikuwa alasiri chache za joto kali la kiangazi, viyoyozi vya maofisi na maduka makubwa vinapowashwa vyote kwa pamoja. Mitambo iliyojengwa kwa ajili ya saa hizo hukaa kimya sehemu kubwa ya mwaka, walakini gharama yake ilitandazwa juu ya kila mteja, hata ajuza mwenye taa mbili. Zaidi ya hayo, ilikuwa desturi ya makampuni kumpunguzia bei kila azidishaye kutumia! Mwaka 1976 Tume iliamua kwamba bei ifuate gharama inayosababishwa na matumizi yenyewe, kwa majira na kwa saa. Kwa kuwa mita za kuhesabu saa zilikuwa ghali, kazi ilianza kwa wateja wakubwa, wakiwamo wale wa kampuni ya umeme ya Long Island. Kadhalika, wateja wa simu waliokuwa wakiuliza namba bure walianza kutozwa, na wasiouliza wakapunguziwa kidogo katika hati zao.

Wapo wamwonao kuwa mtumishi wa soko tu. Ni kweli kwamba hakuwa mjamaa. Lakini hakuna soko lililomsaidia ajuza yule. Aliyemsaidia ni tume ya serikali iliyokubali kuketi na hesabu hadi ikazielewa.

Mwaka 1977 Rais Carter alimwita aongoze Bodi ya Usafiri wa Anga iliyokuwa ikipanga nauli za ndege tangu 1938. Mwezi Juni, akiwa mgeni kabisa, aliwaandikia watumishi waraka juu ya uandishi wao. Aliwataka waache maneno mazito ya kisheria yasiyo na kazi, waandike kama watu wanaozungumza na watu. Na atakayetaka kujipima, awasomee wa nyumbani kwake barua yake kwa sauti, aone kama watacheka. Ofisi nyingi, na si za Marekani peke yake, zingeona haya kufanyiwa jaribio hilo.

Mwaka uliofuata sheria ya kuachia nauli huru ilipitishwa, na ofisi aliyoiongoza ikawekewa tarehe ya kufa. Ilifungwa mwisho wa 1984. Hapo ndipo sifa zake zinapogawanyika. Abiria wengi walipata nauli nafuu, lakini kampuni za ndege zilianza kumezana, na Kahn mwenyewe alisema waziwazi kwamba serikali haikupaswa kuruhusu mengi ya maungano hayo.

Akiwa mshauri wa Carter juu ya mfumko wa bei, aliwahi kutamka kwamba uchumi waweza kuporomoka vibaya. Ikulu ilichukia neno lile. Akaahidi kwamba tangu hapo ataliita “ndizi”. Wafanyabiashara wa ndizi nao walipolalamika, akatafuta tunda jingine. Mfumko haukumsikiliza. Mwaka 1980 aliacha kazi hiyo akarudi Cornell, na alipofariki Desemba 2010, akiwa na miaka 93, alikuwa bado mkazi wa mji ule ule wa chuo, Ithaca.