Habari ya Kununua Kompresa ya Tawi



Kwa miezi mingi sasa, kila tukikutana, neno ni lile lile: tawi linunue kompresa yake. Halmashauri yakubali. Fundi wa pancha pale Makutano na mpaka rangi wa Gakoromone wote wawili wategemea mashine ya mtu mwingine, na mwenye mashine ndiye apangaye bei, na ndiye aamuaye nani atangulie na nani angoje. Mashine ikiwa yetu, mapato yatakuwa yetu. Hilo halina ubishi. Ubishi uko katika mashine ya namna gani, na hapo tuna maneno ya kusema, maana safari ya kwanza tulikosa, na pesa zilizopotea zilikuwa michango yenu.

Wengi mwakumbuka. Tuliingia dukani tukauliza ina nguvu za farasi ngapi, muuzaji akasema tano, tukatazama tangi kubwa lenye rangi nyekundu ya kung'aa, tukalipa. Ilipoletwa ilijaza matairi vizuri, watu wakafurahi. Siku ya kwanza ya kupuliza rangi ya matatu, fundi alimaliza mlango mmoja, upepo ukamwishia, akaketi kungoja. Rangi ikakauka kwa mistari. Mwenye gari akakataa kulipa, na haki ilikuwa yake. Wengine walimsema fundi, na tunamwomba radhi hapa mbele ya wote. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi wanunuzi, kwa kuwa hatukuuliza swali lipasalo.

Swali lenyewe ni hili: mashine yatoa lita ngapi za upepo kwa dakika moja, na kwa presha gani? Tangi ni ghala tu. Pampu ndiyo shamba. Ghala kubwa lenye shamba dogo litachelewa kujaa na litakwisha upesi. Bunduki ya kupulizia rangi ya kawaida yataka lita 300 hivi kila dakika, mfululizo, mpaka ubavu mzima wa gari uishe. Fundi wa pancha hahitaji wingi huo, lakini tairi la lori lamtaka presha 100 hata 120, na mashine iliyotengenezwa ikome kwenye 115 haitamfikisha. Wanaojaza magari ya miraa ya kutoka Maua wajua kwamba dereva yule hangoji mtu. Basi mmoja wetu ataka wingi, mwingine ataka presha, na mashine ya tawi ni lazima iwatoshe wote wawili. Katika vibao vingine mtaona herufi CFM. Hizo ni futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ni lita 28 hivi.

Na zile nguvu tano za farasi? Nguvu moja ni wati 746, kwa hiyo tano ni wati 3,730. Plagi ya kawaida ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 240, haipitishi zaidi ya wati 3,120. Mashine yetu ilikuwa ikifanya kazi kwenye plagi hiyo hiyo. Mtoto wa shule angalitufanyia hesabu hiyo tukiwa bado tumesimama dukani.

Liko jambo lingine la huku kwetu mlimani. Mji wa Meru uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Timau yapita mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi. Katika urefu wa Meru presha ya hewa ni karibu asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Pampu yavuta vipimo vile vile, lakini ndani yake hewa ni pungufu. Basi hesabu iliyoandikwa kwenye kibao tuipunguze sehemu moja katika sita. Injini ya petroli nayo hupungua nguvu namna hiyo hiyo, kwa hiyo wanaosema tukwepe shida kwa kununua ya petroli hawatakuwa wameikwepa.

Njia ya kupima maneno ya muuzaji ni saa ya mkononi. Tangi la lita 200 likijazwa kutoka sifuri mpaka presha 116 huwa limemeza lita 1,600 za hewa ya kawaida. Likijaa kwa dakika 4, mashine yatoa lita 400. Likichukua dakika 8, yatoa 200, na hapo twamshukuru muuzaji na kwenda zetu. Kipimo hicho kikifanywa hapa Meru, wepesi wa hewa umekwisha kuhesabiwa ndani yake.

Sasa twaja kwenye neno zito. Ndugu wengine wameona kompresa kuukuu inayouzwa kwa bei ndogo sana, wakatusihi tuichukue. Tulikwenda kuitazama. Pampu ni nzuri, hatukatai. Lakini tangi limechomelewa kiraka tumboni, kibao kimeng'olewa, na vali ya usalama imezibwa kwa bolti. Ndugu zetu, hatutainunua hata tukipewa kwa nusu ya bei hiyo. Upepo ukibanwa huleta maji, na wakati wa mvua, Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba, maji ni mengi zaidi. Yasipofunguliwa kila jioni kwa koki ya chini, kutu hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nje rangi yang'aa, ndani pamebaki unene wa karatasi. Tangi la namna hiyo likipasuka, vipande vyake hutoboa mabati na watu. Ndiyo sababu mpimaji akitaka kujaribu nguvu ya tangi hulijaza maji, halijazi upepo, kwa kuwa maji hayabaniki, na likipasuka humwagika tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema tangi la upepo liandikwe wazi presha lisilopaswa kuipita, liwe na vali ya usalama, saa ya presha na koki ya kutolea maji, na lisafishwe na kukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Ninyi mnaofanya kazi kwa matajiri, ombeni kuona karatasi ya ukaguzi wa tangi mnalosimama karibu nalo. Sheria hiyo hiyo yakataza mfanyakazi kufukuzwa kwa kuwa amelalamika juu ya hatari. Akijibiwa vibaya mtu yeyote, aje ofisini kwetu, asiende peke yake.

Halmashauri yapendekeza mashine mpya ya nguvu 5.5, ya mkanda, yenye pampu ya hatua mbili ifikayo presha 175, na tangi la lita 200. Umeme wa njia tatu tunao uwanjani kwa ajili ya mashine ya kuchomelea, basi hapo hatuna gharama mpya. Pesa zisipotosha, tuchukue tangi dogo, lakini pampu iwe ile ile. Na wale wanaotaka ifungiwe waya mrefu ili ifike mpaka barabarani, hapana: waya mrefu mwembamba huchoma mota. Tutanunua mpira mrefu wa upepo.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mahali petu pa siku zote. Mtachagua wanunuzi watatu, na twaomba mmoja awe mpaka rangi, mmoja fundi wa pancha, wa tatu mweka hazina. Watakwenda na saa, na hawatatoa hata amana kabla hawajaiona mashine ikijaza tangi lake kutoka sifuri, na kabla hawajashika karatasi ya tangi mkononi.