Pumba Tumewaachia Kuku

Nyumbani kwetu tulihamia dona miaka mitatu iliyopita. Soda zikabaki za sikukuu, na tambi za pakiti, soseji na juisi za boksi tukaacha kununua. Nilidhani ni jambo la jikoni tu. Kumbe wifi ana lake, shemeji ana lake, na kundi la ukoo la WhatsApp lina yote kwa pamoja. Nimeyasikia kiasi cha kutosha kuyajibu, na mengine nakiri yana ukweli nusu.

"Hicho ni chakula cha wenye hela." Inategemea unakinunua wapi. Pakiti ya dona ya supamaketi, ile yenye picha ya jani la kijani, mara nyingi inaizidi sembe kwa bei. Lakini nunua mahindi debe moja uyapeleke mashine, hesabu inageuka. Anayetaka sembe analipia kukoboa, kisha analipia kusaga. Wa dona analipia kusaga tu. Tena mahindi yakikobolewa yanapungua, maana ganda na kiini vinatoka na kuwa pumba. Humo kwenye pumba ndimo ilimo sehemu kubwa ya makapimlo, mafuta, vitamini za kundi B, madini chuma na zinki ya punje nzima. Pumba inauzwa kwa wafugaji. Yaani tunalipa ili kuku wa jirani wale vizuri, halafu tunarudi kwake kununua mayai.

Mboga nayo haihitaji utajiri. Fungu la mchicha au matembele gengeni bado ni rahisi kuliko chupa ya soda. Kunde, dagaa, magimbi na viazi vitamu vyote viko sokoni, wala havina tangazo la televisheni. Kilicho ghali kweli ni moto. Maharage yanakula mkaa na gesi, hapo sibishi. Sisi tunayaloweka usiku kucha, tunachemsha ya siku tatu kwa mkupuo, mengine yanaingia kwenye friji. Asiye na friji kazi yake ni nzito kuliko yangu, na anayemwambia abadilike bila kulitazama hilo anamwonea.

Hela niliyopoteza mimi niliipoteza kwa ujinga wangu. Nilisaga debe zima kwa mara moja. Kiini cha mahindi kina mafuta, na yakishasagwa yakakaa kwenye joto la Dar es Salaam, yanaharibika. Wiki kadhaa baadaye ugali ukawa mchungu, hata mbwa wa jirani aliunusa akaondoka. Wenye maduka wana sababu ya kuipenda sembe: inavumilia kukaa rafuni. Siku hizi tunasaga kidogo kidogo.

"Dona ni chakula cha shule ya bweni." Kweli, na wengi wetu tuna kinyongo nayo tangu huko. Ila kilichotutesa bweni ni maharage yenye wadudu na ugali uliosongwa ukabaki mbichi katikati. Unga ulisingiziwa.

"Watoto hawatakula." Wangu waligoma siku ya kwanza, kwa sababu nilibadilisha kila kitu siku moja. Tulipoanza upya tulichanganya dona na sembe nusu kwa nusu, tukaongeza dona taratibu. Soda ilikuwa vita nyingine. Chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 50. Mtoto mdogo stahili yake ni ndogo zaidi. Nilipima vile vijiko tisa kwenye glasi mezani, mbele yao. Mkubwa aliacha. Mdogo aliuliza kama anaweza kuilamba ile sukari.

"Tatizo ni kula sana, siyo unakula nini." Hili ndilo shemeji analolipenda, na linasikika kama busara. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, Maryland nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 20 waliolazwa kituoni kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, na kila mmoja aliruhusiwa kula atakavyo. Sukari, mafuta, chumvi na makapimlo katika milo iliyoandaliwa vililinganishwa. Kwenye vile vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka takriban kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua karibu kiasi hichohicho. Ni watu wachache na muda mfupi, lakini inaonyesha kwamba aina ya chakula yenyewe inaweza kumfanya mtu ale sana.

"Sembe ya siku hizi ina virutubisho." Baadhi, ndiyo. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubisho kwenye vyakula mwaka 2011, na unga ulioongezwa madini chuma, zinki na foliki asidi ni msaada wa kweli, hasa kwa mjamzito. Lakini sembe nyingi inatoka mashine ndogo za mtaani zisizoongeza kitu, na makapimlo hayarudishwi hata kwenye ile ya kiwanda kikubwa.

Sasa niwageukie wa upande wangu, maana nao wana yao.

"Cha asili hakina madhara." Mwaka 2016 watu 20 walikufa mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, kwa sumukuvu. Kenya, mwaka 2004, walikufa 125. Haikutoka kiwandani, ilitoka kwenye mahindi ya nyumbani yaliyoota ukungu. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo, kwa hiyo mla dona ana deni kubwa la kuchambua kuliko mla sembe. Kupika hakuimalizi. Karanga za uji wa lishe nazo ni vivyo hivyo. Chumvi ya mawe isiyo na madini joto inarudisha rovu tulilokwisha kulipunguza. Maziwa mabichi yanaleta brusela. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Usindikaji mwingine ni rafiki: kuchemsha, kukausha dagaa, kugandisha mtindi.

"Dona inatibu kisukari." Haitibu. Ugali wa dona nao ni wanga na unapandisha sukari. Kilima kikubwa cha ugali ni kilima kikubwa. Mabibi zetu waliumaliza shambani, sisi tunaumalizia kwenye kiti cha ofisi. Kwetu tumepunguza ugali sahanini, tukaongeza mboga na kunde.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda mashine nenda na mahindi makavu uliyoyachambua kwa mkono wako, tupa kila punje yenye ukungu wala usimpe kuku, saga ya wiki mbili tu. Na mgonjwa wa kisukari au presha asiache vidonge vyake bila kuonana na daktari.