Ada Isiyofika Chuoni

Wazee wenzangu wana methali moja wanayoitupa kama jiwe kila yanapotajwa mashindano ya urembo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huitamka kwa sauti ya hakimu anayefunga jalada. Binti amepanda jukwaani, amejitembeza, basi ni kibaya, na shauri limekwisha. Nimeisikia matangani, nimeisikia ndani ya daladala, na siku moja nilimsikia mtu niliyemfundisha mwenyewe akiitamka mbele ya binti aliyekuwa anajiandaa kushindana, naye binti akainamisha kichwa. Nataka kuijibu hapa kwa maandishi, kwa sababu barazani mtu hukatizwa kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Nisieleweke vibaya. Mashindano haya siyapendi. Kumpanga mtoto wa mtu mstarini na kumpa maksi kwa mwendo wake ni jambo ambalo mwalimu halitazami kwa raha, maana sisi tuliozoea kutoa maksi tunajua jinsi zinavyoweza kumkaa mtu moyoni miaka hamsini. Lakini ugomvi wangu haupo kwenye mapaja ya binti. Upo kwenye hundi anayoahidiwa, ile inayoitwa ufadhili wa masomo. Hapo ndipo penye dhambi, na hapo wazee hawatazami kabisa.

Nianze na hao wazee, kwa kuwa ni rika langu. Mrembo wa kwanza wa Tanzania, Theresa Shayo, alivikwa taji mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata mashindano yakapigwa marufuku kwa kuwa hayakupatana na utamaduni wa taifa linalojenga ujamaa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vikawa adui wa taifa. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Bwenini wavulana tulijadili usiku kucha urefu halali wa sketi, sisi ambao hatukuwahi kuvaa hata moja. Wasichana hakuna aliyewauliza.

Taji halikurudi mpaka mwaka 1994. Tulikuwa basi na robo karne nzima isiyo na jukwaa la urembo. Je, katika robo karne hiyo wasichana walijaa madarasani? Mimi nilikuwamo humo madarasani, kwanza mwalimu wa kawaida, kisha mkuu wa shule, hatimaye chuo cha ualimu, na ninajua walikokwenda wale ambao majina yao yalikatwa kwa wino mwekundu katika daftari la mahudhurio. Hakuna hata mmoja aliyeharibiwa na taji. Huyu aliozwa baada ya mavuno. Yule baba yake alikuwa na ada ya mtoto mmoja, akamchagua wa kiume. Wengine walipata mimba wakafukuzwa, na desturi hiyo ikaendelea mpaka Novemba 2021 serikali ilipowaruhusu kurudi shuleni. Aliyempa binti mimba alibaki kijijini akipewa kiti kwenye mikutano, na sitashangaa kama leo ni mmoja wa wenye methali. Miaka yote hiyo sikumsikia mzee hata mmoja akisema kwamba heshima ya mwanamke imevunjwa. Ilivunjwa tu siku binti alipopanda jukwaani kwa hiari yake.

Sasa nije kwa waandaaji. Hao huwajibu wazee kwa neno moja, elimu. Haya, wanasema, si mashindano ya urembo tu, ni ya urembo na ufadhili wa masomo. Mbinu hiyo haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1921 katika mji wa Atlantic City, Marekani, wafanyabiashara walitafuta njia ya kuwafanya watalii wasiondoke ufukweni kiangazi kinapoisha, wakaanzisha shindano lililokuja kuitwa Miss America. Lilisemwa vibaya miaka mingi, kama la kwetu. Mwaka 1945 wakaongeza ufadhili wa masomo: Bess Myerson, binti wa Kiyahudi kutoka New York, aliyekuwa tayari amehitimu chuo, akapewa dola 5,000 za kuendeleza masomo. Tangu hapo vazi la kuogelea likapata joho la kulifunika. Kwa mabinti weusi joho hilo lilichelewa sana. Kwa miaka kadhaa kanuni zilitaka mshindani awe mzungu, na mweusi wa kwanza kufika fainali za taifa, Cheryl Browne wa Iowa, alifika mwaka 1970.

Nisiwe mchoyo wa haki, wapo walionufaika. Debbye Turner, Mmarekani mweusi aliyevikwa taji mwaka 1989, alikuwa akisomea udaktari wa mifugo, akaumaliza. Lakini mwaka 2014 mtangazaji John Oliver na wenzake walipekua hesabu za shindano hilo, lililokuwa likijitangaza kwamba kila mwaka linawawekea wanawake dola milioni 45 za masomo. Wakakuta kilicholipwa hasa ni sehemu ndogo tu ya hizo. Ilikuwaje? Chuo kikiahidi nafasi ya ada kwa mshindi, ahadi ile ilihesabiwa mara nyingi, kwa kila mshindani ambaye huenda angeichukua. Yaani ukiwa na sahani moja ya pilau na wageni kumi mlangoni, unatangaza kwamba umepika sahani kumi. Hesabu ya namna hiyo, katika chuo changu, mhasibu angelala polisi.

Na kuna lililoniuma zaidi. Wapekuzi hao hao walisema kwamba, pamoja na udanganyifu huo wa hesabu, hawakuona chombo kingine Marekani kinachotoa ufadhili mwingi zaidi kwa wanawake peke yao. Nchi tajiri namna ile, na mlango mpana kuliko yote waliowekewa wasichana peke yao ulipitia kwenye vazi la kuogelea! Vazi lenyewe waliliondoa mwaka 2018.

Binti niliyemtaja mwanzoni ni mjukuu wa mwalimu mwenzangu, marehemu sasa. Alimaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri za fizikia na hisabati. Mpaka hapo serikali ilikuwa imembeba, maana ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Baada ya hapo ngazi inakatika. Chuo kilimkubali, mkopo aliopata haukutosha, na mama yake ni fundi cherehani mwenye wateja wa kukopa. Akaja kwangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Alitaka nimsaidie kujiandaa kwa maswali ya majaji. Tulikaa jioni nne. Nilimuuliza juu ya bei ya umeme, juu ya maji ya kijijini kwao, juu ya sababu za wasichana wachache kusoma sayansi, naye akajibu huku amesimama juu ya viatu virefu vya kuazima, kwa maelezo kwamba lazima azoee kufikiri huku vidole vinauma. Nimesimamia mazoezi ya kufundisha miaka mingi. Mwalimu mwanafunzi aliyejiandaa vile kwa somo lake la kwanza simkumbuki.

Alishika nafasi ya tatu. Mshindi alikabidhiwa hundi ya boksi, kubwa kama mlango, na wapiga picha wakafanya kazi yao. Siku chache baadaye niliomba nisome masharti ya ule ufadhili. Ulikuwa punguzo la nusu ya ada, kwa mwaka wa kwanza peke yake, katika chuo kimoja alichokichagua mdhamini, kwa kozi ambazo zingebaki na nafasi. Mshindi alikuwa na chuo chake kingine na kozi yake nyingine. Hundi ile hakuna benki ambayo ingeipokea. Upande wa pili, kila binti alikuwa amejinunulia gauni, amelipia nywele na nauli ya kambini, na kuomba ruhusa ya wiki mbili mahali alipokuwa akijishikiza. Nilikaa na mama wa huyu wangu tukajumlisha ya kwake peke yake, kwa penseli, nyuma ya bahasha. Ilitosha kulipia hosteli muhula mmoja.

Nikauliza basi, nani alimfadhili nani pale? Mdhamini alipata bango lake juu ya jukwaa usiku mzima, na jina jema la kusomesha wasichana, kwa bei ya boksi na rangi.

Waandaaji nikiwabana huwataja waliofanikiwa, na majina wanayo. Nancy Sumari, mrembo wa Tanzania wa mwaka 2005 na wa Afrika katika shindano la dunia mwaka huo, amewaandikia watoto kitabu. Flaviana Matata alikwenda Mexico mwaka 2007 kushindania taji la Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora, na baadaye akaanzisha taasisi inayosaidia wasichana kusoma. Nawaheshimu wote wawili. Lakini Flaviana alikuwa tayari amesomea mambo ya umeme pale Chuo cha Ufundi Arusha. Umeme ulitangulia taji. Kumtaja yeye kama ushahidi kwamba jukwaa linasomesha ni kumsifu seremala kwa mti alioukuta umeota.

Turudi kwenye methali yetu. Fizikia ya binti yule ni kizuri, hilo hakuna atakayebisha, vyeti vipo. Kwa sheria ya wazee, ilipaswa kujiuza. Nilimsindikiza ofisi nne nikiwa na vyeti vile kwenye bahasha. Tulipewa viti, tukapewa maji ya kunywa, tukaambiwa bajeti ya mwaka imekwisha. Mmoja wa waliotuambia hivyo nilimwona kwenye picha za usiku wa taji, meza ya mbele. Na wazee waliokuwa wakimlaani binti, je? Wengi wao ni wajumbe wa kamati za harusi. Kadi za michango zinapita nyumba hadi nyumba, na mtu anayeona haya kutoa shilingi elfu hamsini haji kwenye kikao. Ukumbi unalipiwa, keki inakatwa, mwenye kuendesha sherehe anaondoka na donge lake. Kamati ya ada ya binti wa jirani nimejaribu kuiitisha mwenyewe, kwa kadi zilizochapwa vizuri tu. Walikuja watu watatu, na mmoja alikuwa amekosea nyumba.

Sitaki mashindano yafutwe. Tuliwahi kuyafuta na nimekwisha kueleza tulichovuna. Ninachotaka ni kwamba neno ufadhili wa masomo lilindwe kama tunavyolinda neno dawa. Mtu habandiki neno dawa kwenye chupa ya maji ya bomba akaachwa auze. Anayetaka kutoa gari, atoe gari na aliite gari; kwa miaka mingi ndiyo zawadi iliyosifiwa, na angalau gari likikosekana uwanjani kila mtu anaona. Lakini akisema ada, basi fedha iwekwe benki kabla binti wa kwanza hajapimwa kimo, ilipwe kwenye chuo alichokichagua binti mwenyewe, mpaka mwaka wa mwisho. Na wale wanaotoa vibali vya mashindano waombe kuona stakabadhi ya chuo ya mwaka uliopita kabla ya kugonga mhuri wa mwaka huu. Stakabadhi moja tu, haihitaji sheria mpya wala semina.

Mzee mmoja, baada ya kunisikiliza haya yote, aliniuliza kama ningemruhusu mjukuu wangu wa damu apande jukwaani. Nilimjibu kwamba mjukuu wangu ana miaka ishirini na mmoja na hajaniomba ruhusa. Alichoniomba ni ada ya muhula wa pili, na akaunti ya chuo chake nimeiandika kwenye kijitabu ninachotembea nacho. Nikakitoa mfukoni. Akasema anawahi swala, tutaongea.