Amri inashika nchi nzima, lakini hakimu yuko Kinshasa tu

Huko Marekani wabunge na mahakimu wanavutana juu ya swali moja: je, hakimu wa mji mmoja anaweza kusimamisha amri ya serikali katika nchi nzima? Tarehe 9 Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 219 dhidi ya 213, muswada wa kumzuia. Tarehe 27 Juni Mahakama Kuu nayo ikaamua kwamba zuio la hakimu liwalinde walioleta kesi, si kila mtu.

Swali hilo linaihusu Lubumbashi pia, ila kwa upande mwingine. Shida ya hapa si wingi wa mahakimu wenye uwezo wa kusimamisha amri ya Kinshasa. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliye karibu.

Kifungu cha 155 cha Katiba kinaipa Conseil d'État peke yake kazi ya kusikiliza malalamiko juu ya maamuzi ya viongozi wa serikali kuu. Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 inaongeza njia ya haraka: uhuru wa raia ukivunjwa waziwazi, hakimu anapaswa kuamua katika saa 48. Ni sheria nzuri. Lakini saa hizo zinaanza kuhesabiwa siku ombi linapopokelewa, na ofisi ya kulipokea iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Lubumbashi. Mama anayeuza makala Katuba atapata wapi pesa ya ndege na ya avoka?

Kodi ya RAM ni mfano ambao kila mwenye simu anaukumbuka. Kuanzia Septemba 2020 unite zilikatwa moja kwa moja: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G. Wananchi walilia, wabunge wakadai ifutwe, na serikali ikaiondoa mwanzoni mwa 2022. Zaidi ya mwaka mzima ulikuwa umepita.

Hakuna mwenye akili atakayepanda ndege kwenda kudai dola 7. Na hata angeshinda, zuio la kumlinda yeye peke yake lingeacha mamilioni wakiendelea kukatwa. Kwa maonevu madogo yanayogusa kila mtu, zuio lina maana tu likishika nchi nzima.

Wanaoogopa uwezo huo wana hoja. Nchini Kenya, tarehe 30 Juni 2023 hakimu Mugure Thande alisimamisha sheria ya fedha ya mwaka huo kwa nchi nzima. Mahakama ya Rufaa ililiondoa zuio lile tarehe 28 Julai. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikaitangaza sheria kuwa batili, na tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Muda wote huo serikali haikujua kodi zipi zitasimama, na raia naye hakujua. Hakimu akikosea kwa nchi nzima, nchi nzima inaumia.

Lakini dawa si kumfunga hakimu mikono. Novemba 2024 serikali iliita mkutano mkuu wa haki mjini Kinshasa ili kutafuta namna ya kuponya mahakama. Wabunge wakitaka kuendeleza kazi hiyo, waanze na sheria ya 2016, kwa mambo matatu.

Kwanza, ombi la haraka dhidi ya amri ya serikali kuu lipokelewe na karani wa mahakama Lubumbashi, Goma, Bukavu au Kisangani, na saa 48 zianze hapohapo. Pili, zuio la nchi nzima lisitolewe na hakimu mmoja bali na watatu, na sababu ziandikwe. Kenya tayari inataka mahakimu wasiopungua watatu kwa kesi nzito za katiba. Tatu, zuio liwe na mwisho: kesi yenyewe isipoamuliwa katika muda uliowekwa, lianguke lenyewe.

Hapo serikali haitakwama kwa miezi kwa ajili ya mtu mmoja aliyekosea, na mwananchi wa Lubumbashi hatangoja mwaka mzima hadi makelele yasikike Kinshasa. Amri inafika Katuba siku ileile inapotiwa sahihi. Haki nayo itafutiwe njia ya kufika.